Kitambaa cha broderi hakifulwi sawa bleu ya kazi

Watu watajiuliza: sisi wa sendika ya migodi tunatafuta nini mu beseni ya ba mama? Tumezoea kuandika juu ya mishahara, juu ya kofia na viatu vya kazi, juu ya wale wenye kutolewa kazini bila hesabu yao ya mwisho. Leo tunaandika juu ya madoa. Hatuombi ruhusa, kwa sababu jambo hili nalo ni jambo la kazi.

Mu nyumba nyingi za wafanyakazi, iwe Lubumbashi, Likasi, Kipushi ao Kolwezi, kitu cha bei mu salon hakiko televizio. Ni kitambaa cha meza, shuka la kitanda, vitambaa vidogo vya kuweka juu ya viti, vyenye mama alishona kwa mkono, shindano kwa shindano, mangaribi kisha kazi ya shamba na ya jiko. Kitambaa kimoja kikubwa kinaweza kula miezi. Kinatoka mu sanduku paka siku ya wageni, siku ya mahari, siku ya ubatizo. Na siku feza zimekauka, kinauzwa. Hapo njo doa linakuwa jambo la mkate. Mununuzi akiona kutu katikati ya maua, anarudisha kitambaa, ao anatoa bei ya kitambaa cha kupangusa meza. Kazi ya miezi inaanguka juu ya doa moja.

Kuko sababu ya pili. Kwa kutaka kuokoa kitambaa, watu wanachanganya dawa zenye kuua. Tumeona javeli na asidi mu ndoo moja, mu chumba kisicho na dirisha, mutoto analala pembeni. Mutu wa migodi mwenye alifundishwa kuogopa gazi ku kazi, anarudi kufanya gazi ku nyumba bila kujua. Hiyo hatuwezi kunyamaza.

Shindano ilitoka wapi

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mara ya kwanza ilileta wanaume kwa kontra fupi. Walikuja peke yao na walirudi kwao, wengine walikimbia, wengine walikufa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kompani ilibadilisha hesabu: ilitaka mufanyakazi akae na muke na watoto mu kambi. Njo kukaja nyumba, hospitali, masomo, na foyer social ya ba mama. Kule walifundisha kushona, kutia viraka, kufuma, kupiga pasi, kupika, kulea mutoto. Kompani ilikuwa na faida yake: mume mwenye kutulia ku nyumba anatulia ku kazi. Lakini mama zetu na nyanya zetu walichukua ile shindano wakaifanya yao. Walifundisha binti zao bila masomo, chini ya muembe, na maua yao wenyewe.

Mwaka 1967 kompani ya Serikali ilichukua nafasi ya Union Minière, ikakuja kuitwa Gécamines. Shindano iliendelea. Mu mwezi wa 9 wa mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, na miaka yenye ilifuata, uzalishaji wa shaba ulishuka mpaka chini kabisa. Mishahara ilichelewa, kisha ilichelewa tena. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka mu mpango wenye uliitwa «départ volontaire». Waulizeni wakubwa wa kambi ni nini ililisha watoto ile miaka. Watawaambia shamba, kuuza makala, kuuza maandazi, na vitambaa vya mu sanduku, vyenye vilitoka kimoja kimoja. Kwa hiyo, mutu akisema broderi ni mambo ya mapambo tu, hajui historia ya mukini huu.

Mbele ya maji: vitu vitatu vya kuangalia

Kosa kubwa ni kukimbilia maji na sabuni. Fundi wa mitambo haanzi kufungua mashine mbele ya kujua ni mashine gani. Na hapa ni vilevile.

Kitu cha kwanza ni kitambaa chenyewe. Pamba na kitani vinavumilia maji na sabuni vizuri. Nailoni na tergal hazipendi pasi ya moto sana. Sufu na hariri hazikutane hata siku moja na javeli: javeli inazila, inaziyeyusha.

Kitu cha pili ni uzi. Hapa njo watu wengi wanaangukia. Uzi wa broderi wa kampuni ya DMC, yenye ilianzia Mulhouse ku Ufaransa mwaka 1746, ni pamba ya nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja, na namba ya rangi imeandikwa ku karatasi yake. Uzi wa namna ile, rangi yake inashika. Lakini sokoni kuko uzi mwingine wa bei ndogo wenye unafanana nao kwa macho, na ukiona maji unatoa rangi yote. Ukitaka kujua, fanya hivi: geuza kitambaa upande wa nyuma, chukua kipande cheupe chenye maji kidogo na sabuni, kikandamize juu ya kila rangi kwa dakika moja. Nyekundu, nyeusi na buluu ya giza njo zinadanganya kupita zingine. Kama kipande kimebaki cheupe, endelea. Kama kimechukua rangi, usiloweshe kitambaa chote. Tengeneza paka pale penye doa, kwa maji ya baridi kidogo kidogo, na kausha mbio.

Kitu cha tatu ni doa. Ni damu? Ni mafuta? Ni kutu? Ni vumbi? Kila moja iko na dawa yake, na dawa ya moja ni sumu ya ingine. Doa lisilojulikana linaanza kila mara na maji ya baridi, hata siku moja na maji ya moto.

Na maji yenyewe pia yaangaliwe. Mu vartiye nyingi tunachota ku kisima ao ku forage, na maji yale yanakuwa na chuma ndani. Yanatoka meupe, lakini kisha saa chache yanageuka manjano. Yaache mu ndoo wazi usiku kucha, chuma kishuke chini, kisha chota pole pole ya juu na upitishe mu kitambaa safi. Ukitia javeli mu maji ya chuma, kitambaa cheupe kitatoka na rangi ya chai. Watu wanasema javeli ni ya uongo. Hapana, ni chuma mu maji.

Namna ya kufula

Weka kitambaa mu beseni ya plastiki ao ya emaye isiyobanduka. Beseni ya chuma yenye kula kutu inaongeza madoa. Yeyusha sabuni kwanza mu maji, usipake kipande cha sabuni juu ya maua. Lowesha, kisha kandamiza na viganja, achia, kandamiza tena, sawa unakanda unga mwepesi. Usisugue kitambaa kwa kitambaa na usitumie burashi ngumu: uzi unaamuka, unafanya manyoya, na hauwezi kulala tena. Kukamua kwa kusokota kunavuta mashono. Suuza mara nyingi mpaka maji yabakie meupe. Tandika kitambaa juu ya taulo kubwa, viringisha pamoja, kandamiza, taulo inywe maji.

Kianike kikilala, ku kivuli kama kiko na rangi. Pasi inapigwa upande wa nyuma, maua yakitazama chini juu ya taulo nene. Vile maua yanabaki yamesimama, hayalali. Na pasi isipite mbele ya doa kutoka. Moto unapika doa ndani ya uzi.

Doa kwa doa

Damu. Ni doa la kwanza la kila mushonaji, maana shindano haina rafiki. Damu ya sasa hivi inatoka na maji ya baridi na sabuni. Kwa tone ndogo, mafundi wa zamani wanatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kiwe na mate, wanakandamiza juu ya damu, na inatoka. Damu iliyokauka inalowa mu maji ya baridi yenye chumvi kwa saa kadhaa, kisha sabuni. Kama inabaki alama juu ya kitambaa cheupe, tone la eau oxygénée ya 10 volumes ya farmasi (ile ya 3 %) litatoa povu na kuinua doa. Suuza mara moja. Maji ya moto yanapika damu sawa yai: inaganda, na haitoki tena.

Vumbi nyekundu. Hii njo bendera ya Katanga. Kiangazi chote inaingia chini ya milango, na magari makubwa ya migodi yanaiongeza. Rangi yake inatoka ku chuma, lakini vumbi lenyewe ni udongo mudogo sana wenye unajificha mu nyuzi. Ukiimwagia maji mara moja, unafanya tope na unaisukuma ndani. Acha kama ni tope ikauke kabisa, kisha kung'uta inje, kwa upande wa nyuma, na burashi laini. Halafu maji mengi ya baridi bila sabuni, ubadilishe mara mbili, tatu. Kisha sabuni. Kama kunabaki kivuli cha rangi ya machungwa, kifanye sawa kutu, tutasema chini.

Mafuta ya ngazi. Sombe ya siku ya sikukuu haikose kudondoka. Toa yenye iko juu na kijiko, usipanguse. Mwaga unga wa mihogo ao talki juu yake, acha unywe mafuta kwa saa moja, kung'uta, rudilia. Kisha sabuni ya kipande iliyoyeyuka mu maji ya vuguvugu, kandamiza pande zote mbili. Mafuta yatatoka, rangi ya manjano itabaki. Usiogope na usikimbilie javeli. Ile rangi haipendi jua: weka kitambaa cheupe, kingali na maji, mu jua, na rangi itafifia. Lakini kama kitambaa kiko na maua ya rangi, funika maua, maana jua linakula rangi zote, halichague.

Chai na kahawa. Maji ya baridi mara moja, mbele ya sukari kukauka. Kisha sabuni ya vuguvugu. Doa la zamani ku kitambaa cheupe linakubali eau oxygénée ileile, dakika chache tu, kisha maji mengi.

Kutu. Inatoka ku misumari, ku sanduku la chuma, ku shindano yenye ilisahauliwa mu kazi usiku wa mvua. Dawa yake ni ndimu na chumvi. Kamua ndimu juu ya doa, nyunyizia chumvi, weka mu jua, ongeza ndimu mbele ya kukauka. Kutu inayeyuka pole pole. Rudilia mara nyingi, usiwe na haraka. Kisha suuza, suuza tena, na tena. Asidi ya ndimu ikibaki mu uzi na pasi ikipita juu, uzi unakuwa muzaifu na unakatika. Sikilizeni vizuri: ku kutu, hakuna javeli na hakuna eau oxygénée. Javeli inafunga kutu ndani. Eau oxygénée ikikutana na kutu inakula pamba yenyewe, na pale penye doa utakuta tundu.

Kijani cha shaba. Wengi wanaanika nguo ku waya wa shaba uliotoka ku kabulo ya zamani. Kitambaa kikilala pale na maji, asubuhi kiko na mustari wa kijani. Ile pia inayeyuka na ndimu ao vinegre, kisha maji mengi. Lakini dawa kubwa ni kubadilisha waya: kamba ya nailoni, na vibanio vya plastiki ao vya mti visivyo na chuma cha kutu.

Nta ya buji. Kurenti ikikatika, buji inasimama paka juu ya kitambaa kizuri. Acha nta igande ngumu, banja na kisu kisichokata. Kisha weka karatasi nyeupe ya kunywa chini na juu, pitisha pasi ya vuguvugu, badilisha karatasi kila mara. Usitumie gazeti, hata hili letu: wino wake utahamia ku kitambaa.

Masizi ya pasi ya makala. Usiguse na kidole, usitie maji. Inua kitambaa, kung'uta, pulizia, halafu mwaga unga mukavu na uondoe na burashi laini. Kisha njo sabuni. Na kila mara, mbele ya kupiga pasi ya makala, pangusa chini yake na kitambaa cha kazi, na weka kitambaa chembamba kati ya pasi na broderi.

Wino na alama za kuchora maua. Wino wa bik unatoka na alkoli ya farmasi: weka kipande cheupe chini, gonga doa na pamba yenye alkoli, badilisha kipande kinapochukua wino. Jaribu kwanza ku rangi ya uzi. Alama za kreyo na za karatasi ya kaboni zitolewe na sabuni mbele ya pasi ya kwanza, maana moto unazifunga.

Ukungu. Mu miezi ya mvua, vidoa vyeusi vinaota mu sanduku. Toa kitambaa inje, kikauke mu jua, kisha burashi laini, mbali na pua. Halafu sabuni, na ndimu na chumvi mu jua kama ni cheupe. Ukungu wa zamani umekula uzi tayari. Pale dawa inasafisha tu, haiponeshi.

Rangi yenye imetoka. Kama nyekundu imekimbilia nyeupe, kosa ni kuanika. Usiache kitambaa kikauke hata kidogo. Rudisha mu maji mengi ya baridi na sabuni kidogo, kandamiza, badilisha maji, usiku kucha kama inalazimu. Rangi yenye ingali na maji inaweza kutoka. Yenye imekauka imepata nyumba.

Gazi mu nyumba

Sasa jambo lenye lilitufanya tukamate kalamu. Javeli haichanganywe na asidi ya namna yoyote: si ndimu, si vinegre, si dawa ya kusafisha choo, si asidi ya batri. Zikikutana zinatoa gazi ya klori. Ile njo gazi yenye Wadachi walitumia mu vita karibu na Ypres, ku Ubelgiji, mwaka 1915. Kwa hiyo mutu asifikiri ni kikohozi cha kawaida. Javeli haichanganywe na amoniaki pia, wala nguo zenye mikojo ya mutoto zisitiwe javeli mbele ya kusuuzwa na maji mengi. Mikojo na javeli vinafanya gazi ingine yenye kuumiza mapafu.

Kama umetumia ndimu leo na unataka javeli, suuza kitambaa na beseni mpaka mwisho, na ngoja kesho. Fanya kazi inje. Macho yakianza kuwaka na kifua kukaza, toka, toa watoto, acha vyote pale. Kama pumzi hairudi vizuri, ni hospitali, si maziwa wala mafuta ya kunywa.

Na neno kwa ba papa. Kuko wenye kuleta ku nyumba kachupa ka asidi ya usine «juu ya kutosha kutu ya mama». Ndugu zetu, angalieni bleu za wale wa electrolyse: matundu matundu. Asidi ya salfa haikauke sawa maji. Maji yanaruka, asidi inabaki na nguvu zake, inachoma pamba pole pole. Kama inafanya vile ku bleu nene, itafanya nini ku kitambaa cha meza? Itafanya nini ku mikono ya muke wako, ku macho ya mutoto mwenye atakunywa akifikiri ni maji? Asidi ikae ku usine.

Bleu isifulwe na broderi

Watu wengi wanaloweka bleu ya kazi na vitambaa vya nyumba mu beseni moja, juu maji ni machache. Vumbi ya mugodi haiko udongo tu. Inabeba shaba, kobalti, na madini mengine. Mwaka 2009 wachunguzi wa Université de Lubumbashi na wa chuo cha Leuven, ku Ubelgiji, walitangaza yale walikuta mu mikojo ya wakaaji wa Katanga: wenye kuishi karibu na migodi na usine za kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi kupita wenye kuishi mbali. Vumbi ni moja ya njia zenye madini yanapita, na bleu ni punda wa kuileta mpaka kitandani.

Kwa hiyo: bleu ivuliwe inje, isikung'utwe mu nyumba, ifulwe peke yake, na beseni yake iwe na alama. Maji yake yasimwagwe ku bustani ya lengalenga. Lakini hiyo ni nusu ya jambo. Nusu ingine haiko ya mama. Mutu anayechafuka juu ya kazi, kazi njo inapaswa kumusafisha. Mu mapatano na waajiri tunaomba vitu vya wazi: chumba cha kubadilisha nguo chenye makabati mawili kwa kila mutu, moja ya nguo safi na moja ya chafu, dushi zenye maji, na bleu zifulwe ku gharama ya kompani. Kuko migodi yenye inafanya tayari. Yenye haifanye inamupa muke wa mufanyakazi kazi bila mushahara, na vumbi juu yake.

Kufula vya wengine: andikeni

Ba mama wengi, zaidi wajane, wanapata feza kidogo kwa kufula na kutengeneza broderi za watu wengine: vitambaa vya kanisa, shuka za bibi-arusi, nape za wenye kuwa na salon kubwa. Pale tunataka wafanye sawa delege mwenye kujua kazi yake. Mbele ya kupokea, fungueni kitambaa chote mu mwangaza, pamoja na mwenyewe. Andikeni mu kaye: madoa ngapi, wapi, tundu liko ao haliko, uzi umekatika wapi. Mwenyewe atie sahihi. Fanyeni jaribio la rangi mbele yake. Semeni wazi doa gani linaweza kubaki. Mapatano ya bei yafanywe kwa kazi, hata kama doa la miaka kumi halikutoka lote. Tumesikia kesi nyingi za mama mwenye alilipishwa kitambaa kizima juu ya tundu lenye lilikuwapo mbele. Kaye ya franga kidogo ingemuokoa.

Na msikubali bei ya aibu. Mwenye kusema «ni kufula tu» muulizeni kama atafanya yeye mwenyewe.

Kuweka vizuri njo kufula kidogo

Kitambaa kiwekwe kikiwa safi na kikavu kabisa. Doa la sukari lisiloonekana leo litakuwa manjano mwaka ujao. Kama unapenda amido ya mihogo ili kitambaa kisimame, itie siku ya kutumia, na uitoe mbele ya kuweka sandukuni, maana mende na wadudu wanakuja kula amido na wanaondoka na pamba. Usifunge mu sachet ya plastiki, inafunga unyevu. Viringisha kitambaa ku mti uliofunikwa na kipande cheupe, ao kunja na ubadilishe mikunjo kila miezi kadhaa. Sanduku la chuma liwekewe shuka la zamani ndani, pande zote, broderi isiguse chuma. Kiangazi kikianza, toa vyote, vipate hewa asubuhi moja ku kivuli.

Kuko na doa lenye halitatoka. Pale fundi hana haya ya kushona jani ingine juu yake, ao ua dogo. Vitambaa vingi vizuri vyenye tumeona viko na jani moja lisilofanana na mengine. Si uongo, ni kazi juu ya kazi, na mununuzi aambiwe.

Mwisho, tunaomba kila kamati ya sendika mu kambi na mu vartiye itafute mama mmoja ao wawili wenye kujua hii kazi vizuri, wafundishe vijana, wasichana na wavulana. Wapewe nafasi ya kukutana na maji ya kutosha. Na mu kikao kinachokuja na waajiri, wenye kusema kwa jina letu watie jambo la kufula bleu ku ukurasa wa kwanza wa maombi, pembeni ya mushahara.